Ngano Nilizokatazwa

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka kula katika mojawapo ya hoteli mpya za Ukunda, zile zenye picha za chakula ukutani kubwa kuliko chakula chenyewe. Tulipofungua mlango tu, harufu ilinipiga usoni: mafuta yaliyokwisha kukaanga vitu vingi mno, unga, na kitunguu kilichoungua pembeni. Nilisimama pale pale mlangoni. Kijana wa hoteli alinishika mkono akidhani magoti yananisumbua. Magoti hayakuwa na neno. Nilikuwa nimerudi kwenye meza nyingine, hapo hapo Ukunda, miaka ile bendera ilipokuwa bado mpya na sisi watoto tukiimba wimbo wa taifa kama watu wanaogombana.

Wenzangu wa umri wangu mnazikumbuka hoteli za Bwana Faki. Zilikuwa tatu, moja Ukunda, moja Msambweni, na moja Lunga Lunga karibu na mpaka, na zote zilipakwa rangi moja ya kijani. Wapishi wote aliwafundisha mwenyewe, kwa hiyo sambusa ya Msambweni haikupishana na ya Lunga Lunga hata kwa pilipili. Mafuta ya karai hayakumwagwa, yaliongezwa tu. Baba alikuwa akisema kwamba hata kiungulia cha Bwana Faki ni kimoja: unaweza kukianzia Lunga Lunga ukaja kukimalizia Ukunda. Lakini alisema hivyo huku akijilamba vidole, na sisi watoto wa Mwabungo tuliamini kwamba peponi, kama kuna mahali pa kula, patakuwa pamepakwa rangi ya kijani.

Mimi sikuwa mtoto wa kupelekwa hotelini. Nilikuwa mtoto wa kupelekwa kwa waganga. Tumbo langu lilikuwa limevimba kama ngoma ya chapuo, na chini yake miguu miwili ya kijiti, hata watoto wenzangu wakaniita Chapuo. Nilikula na kula, na chakula kilipita kama kina miadi mahali pengine. Nilipewa dawa ya minyoo mpaka minyoo, kama ilikuwako, ikahama kijiji. Nilinyweshwa kombe, nikafukizwa ubani, nikavalishwa hirizi iliyokuwa nzito kuliko mkono wangu.

Mwishowe tulikwenda kwa mganga mmoja wa Bongwe. Aliniangalia, akapiga miayo mirefu, akatangaza kwamba nimekaliwa na pepo wa Kizungu. Mama aliuliza pepo huyo anataka nini.

"Anataka vyakula vya kwao," alisema mganga. "Boflo, keki, na jemu nyekundu. Na mahamri, maana amekaa pwani siku nyingi, ameyazoea."

Basi nikalishwa boflo, mkate wa dukani, asubuhi na mahamri jioni. Bibi yangu, mama yake Baba, ndiye aliyeyapika. Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti iliyoweza kumwita kuku aliye kijiji cha pili, na aliniapia kwamba pepo huyo atashiba mpaka aombe ruhusa ya kuondoka. Kila jioni, baada ya sala ya Magharibi, aliketi kibarazani na sinia la mahamri yenye iliki, akaniweka kati ya magoti yake, na kunilisha kwa mkono wake. Na huku akinilisha, alitoa ngano.

Hapa niseme jambo moja, kwa sababu bila hilo hamtanielewa. Bibi hakuziita hadithi, aliziita ngano. "Bibi, tupe ngano," ndivyo tulivyomwomba, naye alitupa: za Sungura, za jini aliyeoa mwanamke wa Galu akashindwa na shemeji zake, za sultani aliyemeza pete. Mimi sikujua kwamba kuna ngano nyingine duniani. Ule unga mweupe wa dukani sisi nyumbani tuliuita unga wa boflo, basi.

Pepo hakushiba. Nilizidi kukonda hata siku moja nilishindwa kusimama, na Baba, ambaye alikuwa fundi seremala na hakuwa mtu wa maneno mengi, alinibeba mgongoni mpaka hospitali bila kumwuliza mtu.

Huko nililazwa muda mrefu. Daktari wetu alikuwa Mhindi mrefu mwembamba, mwenye Kiswahili cha kutembea polepole. Naye pia hakuuelewa ugonjwa wangu, ila yeye alikuwa na adabu ya kusema hivyo. Kilichonisaidia ni gari la mkate. Liliharibika huko njiani, na kwa siku kadhaa wodi nzima ilikula uji wa mchele, ndizi na samaki. Wagonjwa wengine walinung'unika. Mimi niliamka, nikacheka, nikaomba kuongezwa. Tumbo likaanza kushuka. Kisha gari likatengenezwa, mkate ukarudi, nami nikarudi kitandani na ndoo yangu. Daktari alisimama akanitazama, akautazama mkate, akanitazama tena, akaondoka haraka kwenda kusoma vitabu vyake.

Siku ya pili aliwaita wazazi wangu. Walisimama nyuma ya pazia, na kwa kuwa walidhani nimelala, walizungumza kwa sauti ya kawaida.

"Nimeona sasa," alisema daktari. "Mtoto huyu hapatani na ngano. Ngano ndiyo inayomwua."

"Ngano?" Baba aliuliza.

"Ngano. Hata kidogo asipewe. Wako watoto namna hii, si wengi. Ngano inawachubua ndani, basi hawanenepi, hawakui. Huko nyumbani nani anampa?"

Nikaisikia sauti ya Mama, nyembamba kama uzi. "Bibi yake. Kila jioni."

"Basi mwambieni bibi aache. Si mwaka huu tu. Maisha yake yote."

Nililala pale nikiitazama dari. Sikulia. Nilifikiri, na kadiri nilivyofikiri ndivyo mambo yalivyozidi kupangika. Ni kweli, kila jioni Bibi alinipa ngano, na kila usiku tumbo liliniuma. Hospitalini hakuna aliyenipa ngano, nami nikapata nafuu. Ule mkate nao ulikuwa na maelezo yake: siku uliporudi, mwanamke wa kitanda cha jirani alikuwa akimsimulia mwanawe habari za Fisi, nami nilisikiliza yote. Ile ya shemeji zake jini hasa ndiyo iliyonitisha. Ilikuwa ndefu sana, na nilikwisha kuisikia mara nyingi mno. Mungu mwenyewe ndiye aliyejua imenichubua wapi.

Niliporudi nyumbani, hakuna aliyenieleza kitu. Zama zetu mtoto hakuelezwa, alipelekwa. Baba alimwita Bibi nyuma ya nyumba wakazungumza, na Bibi alirudi macho mekundu. Siku hiyo hiyo alichukua gunia la unga wa boflo akampa jirani. Mahamri yakatoweka nyumbani kwetu. Badala yake vikaja vitumbua na mkate wa kumimina, vyote vya mchele, muhogo wa nazi, wali asubuhi na jioni. Nilikula vyote, na jioni Bibi aliketi kibarazani, akanivuta kati ya magoti yake kama zamani.

"Haya, mjukuu wangu," alisema. "Leo nikupe ngano gani?"

Niliziba masikio kwa vidole vyote viwili nikapiga yowe lililomtoa Baba msalani. "Sitaki! Sitaki ngano zako! Zinaua!"

Bibi aliniachia. Sijasahau jinsi mikono yake ilivyobaki hewani, imefunguka, kama mtu aliyeangusha kikombe. Aliingia ndani, na tangu jioni ile hakuniita tena kibarazani.

Sasa angalieni jinsi watu wawili wanavyoweza kuishi nyumba moja, kila mmoja na upuuzi wake. Mimi niliamini kwamba Bibi amekasirika kwa kuwa nimekataa ngano zake, na kwamba ndiyo sababu ameninyima mahamri. Bibi aliamini kwamba nimejua kuwa mahamri yake ndiyo yaliyokuwa yakiniua, na kwamba sitamsamehe. Aliniwekea kitumbua changu sahanini akaondoka upesi, nami nilikila nikimtazama mgongo wake. Baba na Mama walifurahi kuona ninavyomtii daktari.

Na nilikuwa nikinenepa! Hilo ndilo lililonimaliza. Miguu ilijaa, nywele zikang'aa, jina la Chapuo likahamia kwa mtoto mwingine. Shuleni mwalimu alipotangaza kwamba atatutolea ngano ya Sungura na Kobe, nilitoka mbio kupitia dirishani, na alipomwuliza Baba, Baba alijibu kwa fahari, "Huyo ameambiwa na daktari." Mwalimu hakuuliza zaidi. Madrasani sikuwa na shida, kwa sababu maalimu alisimulia visa vya Mitume, na visa havikukatazwa.

Ikafika siku ya sherehe za bendera. Zilifanyika Ukunda, kwa hotuba na ngoma, na Baba alivaa koti lake la harusi. Alikuwa ametengeneza milango ya hoteli moja ya Wazungu kule Diani, milango ya mvule, lakini siku alipoimaliza aliambiwa atokee upande wa jikoni. Jambo hilo hakulisema mara nyingi. Siku ile ya sherehe, hotuba zilipokwisha, alitukusanya akatangaza, "Leo tutakula hotelini. Tutaketi mezani, tutahudumiwa kama watu."

Tukaingia kwa Bwana Faki: Baba, Mama na mdogo wangu mchanga kifuani, Bibi, na mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Pankaboi ilikuwa inazunguka darini, ukuta ulikuwa kijani kweli, na ile harufu ya karai iliniingia puani nikahisi nimekuwa mtu mzima. Mhudumu alikuja, kijana wa Ukambani jina lake Mutua, kitambaa begani.

"Karibu, mzee. Hapa chakula iko mingi."

"Chakula kipo," Bibi alimrekebisha kwa upole, "tena kingi."

"Ndiyo, mama. Iko."

Baba alikohoa, akaanza kazi ambayo baadaye nimeifanya mwenyewe katika kila meza ya dunia hii. "Mtoto wangu huyu, daktari amemkataza ngano. Sasa, sambusa zina ngano?"

Niliinua kichwa. Sambusa zina ngano?

"Ya nje ni ngano, mzee."

"Katlesi?"

"Tunaviringisha kwa boflo iliyosagwa."

"Bajia? Bajia ni za kunde."

"Ni za kunde, lakini tunaongeza unga kidogo zishikane."

"Samaki."

"Tunampaka unga asigande kwa karai."

"Mchuzi, basi! Mchuzi mtupu!"

Mutua alijikuna shingo. Nilimwona anamhurumia Baba kweli. "Mchuzi tunatia unga iwe mzito. Mzee, nikuambie ukweli. Hapa ngano iko kila mahali. Hata hii meza, ukiifuta, kitambaa inatoka nyeupe."

Sikuelewa hata kidogo. Nilizungusha macho nione huyo anayetoa ngano kila mahali. Watu walikuwa wanakula tu. Baba alisimama, mishipa ya shingo imemtoka, akasema yeye mwenyewe ataingia jikoni kuongea na mpishi, maana haiwezekani mtu huru akose chakula cha kumlisha mwanawe. Bibi naye aliinuka. "Nitakuja nawe. Wewe hujui hata unga wa mchele unafananaje." Wakaenda. Mama aligeukia ukutani kumnyonyesha mtoto.

Kwenye meza ya jirani palikuwa na mama mmoja mnene mwenye leso za kupendeza, aliyekuwa akizungumza na rafiki yake. Aliniona nimekaa mbele ya meza tupu.

"Masikini, mtoto mzuri hivi, na hana kitu!" alisema, akanisogezea sahani ya sambusa. "Chukua, mwanangu. Chukua tu. Leo sote tu huru."

Nilizitazama. Zilikuwa na moto, zimetutumka, mafuta yanazing'arisha pembe. Sambusa ni chakula, na chakula hakikukatazwa. Nilichukua moja. Lakini hapo hapo yule mama alimgeukia rafiki yake akasema, "Basi sikiliza ngano ya jirani yangu na mbuzi wake," na damu ikanikauka. Mkono mmoja ulikuwa na sambusa. Niliziba sikio moja kwa kidole cha mkono wa pili, sikio jingine nikaligandamiza begani, shingo imepinda kama kuku aliyechinjwa vibaya, na hivyo hivyo nikala. Nilikula ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Katika maisha yangu sijapata kula kitu kitamu kama zile sambusa, na ninajua sitakula tena.

Baba alinikuta na ya nne mdomoni.

"Mejumaa!" Pankaboi nayo ilionekana kusimama. "Unakula nini? Hukuambiwa ngano ni sumu kwako?"

"Sikusikiliza, Baba!" nilimjibu, vipande vya nyama vikiruka. "Wallahi sikusikia hata neno moja! Nimeziba masikio!"

Hoteli nzima iligeuka kututazama. Mutua alisimama na vikombe vyake. Bibi ndiye aliyenisogelea, taratibu, unga umemshika kwenye leso kutoka huko jikoni, akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu.

"Mejumaa. Daktari alikukataza ngano gani?"

"Zako, Bibi," nilisema, nikaanza kulia. "Za Sungura. Na ya shemeji zake jini. Mama alimwambia unanipa kila jioni."

Bibi alijishika kiuno. Nilidhani anaumwa. Kisha akaketi sakafuni, pale pale katikati ya hoteli, na kicheko kikamtoka ambacho nina hakika kilisikika mpaka Mwabungo. Alicheka mpaka buibui likamwanguka, alicheka mpaka akalia, na nilipomtazama vizuri niliona kwamba kile kilio hakikuwa cha kicheko peke yake.

"Mie nilidhani wanichukia," alisema. "Kwa yale mahamri. Miezi yote hii nilidhani wanichukia."

"Mahamri?" niliuliza. "Mahamri yamefanya nini?"

Mutua ndiye aliyenionyesha. Alikwenda jikoni akarudi na konzi ya unga mweupe, akanifungulia kiganja. "Ngano ndiyo hii, mtoto. Hii tu." Nikautazama ule unga mpole, unga wa boflo niliokuwa nikiujua tangu kuzaliwa, nikautazama mkono wangu wenye mafuta ya sambusa, nikahesabu kimoyomoyo nilizokula, na tumbo langu likajibu kwa sauti iliyosikika mezani.

Sitawaeleza safari ya kurudi nyumbani. Niseme tu kwamba Baba alilivua koti lake la harusi mapema, na halikuvaliwa tena. Niliumwa vibaya. Nililala chumbani kwa Bibi nikiwa nimejikunja kama kambale, na Bibi aliketi pembeni na beseni, na kila nilipotulia kidogo nilimshika leso.

"Bibi, tupe ngano."

"Ipi?"

"Zote. Zile ulizozikosa kunipa."

Naye alinipa. Alianza na jini na shemeji zake, akiongeza shemeji mpya kila usiku kwa ajili ya mgonjwa wake.

Tangu hapo Bibi hakuniacha niingie hotelini peke yangu. Tulipokwenda sokoni alibeba wali na samaki ndani ya jani la mgomba, akaingia kwa Bwana Faki kama anayeingia kwake, akaagiza chai moja, akanifungulia jani mezani. Mara ya kwanza Bwana Faki mwenyewe alikuja kulalamika.

"Mama, shikamoo. Hapa watu hununua chakula."

"Marahaba, mwanangu. Nami nitanunua, siku utakapopika kisichoua mjukuu wangu. Mpaka hapo, tuletee sahani."

Alileta sahani. Mwishowe wahudumu wa hoteli zote tatu walitujua, na Mutua alizoea kuifuta meza yetu mara mbili.

Bibi alifariki nilipokuwa msichana wa kujifunga leso mwenyewe. Siku ya hitima yake watu walijaa uani, na baada ya dua masinia yakaanza kupita, na nikasikia manung'uniko kwa wanawake. Hitima gani hii haina mahamri? Hakuna kaimati, hakuna chapati, hata sambusa moja? Bwana Faki alikuja na kikapu kikubwa, kimefunikwa kwa kitambaa, na Baba alikipokea kwa mikono miwili, akamshukuru sana, akakipitisha moja kwa moja juu ya ua mpaka kwa jirani.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na bakuli langu la wali, kama nilivyozoea katika shughuli za watu. Mama alikuja akaliondoa bakuli lile mikononi mwangu. Akaniwekea sinia zima.

"Kula," alisema.

"Nile kipi katika hivi?"

"Chochote. Tumepika hivyo kwa agizo lake. Alisema siku yake ikifika, Mejumaa ale kila kitakachopita mbele yake, asimwulize mtu."

Pilau, vitumbua, mkate wa kumimina, muhogo, samaki wa kupaka, ndizi za tui. Nilikula kila kitu. Watu walinitazama, msichana mkubwa anakula hivi kwenye hitima ya bibi yake, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye mchuzi, na shangazi mmoja akamgusa Baba bega, amzuie.

"Mwacheni," alisema Baba. "Anahudumiwa."